Kuagua, Kupiga Ramli na Kupiga Bao: Asili ya Maneno na Historia Yake katika Nchi ya Ungoni

Maneno ya uaguzi katika lugha nyingi za dunia hayakuanza kuwa maneno ya siri. Yalianza kuwa majina ya vitu vinavyoonekana kwa macho na vinavyofanywa kwa mikono: ufa juu ya mfupa, mchanga juu ya ubao, fimbo inayopigwa chini. Baadaye, kwa kupita kwa karne, jina la kitu likawa jina la elimu, na jina la elimu likawa jina la mamlaka, hata watu wakasahau ufa na mchanga na fimbo. Habari za maneno ya namna hii zafaa kuchunguzwa katika nchi ya Songea kuliko mahali pengi pa Tanzania, kwa kuwa katika karne ya 19 nchi hiyo, iliyo kati ya Kilwa na Ziwa Nyasa, ilikuwa makutano ya lugha za aina tatu: lugha za wenyeji wa Kibantu, lugha ya Wangoni waliotoka kusini, na Kiswahili cha misafara ya pwani. Kila mmoja alikuja na maneno yake ya kuuliza mambo yaliyofichika. Tena ni nchi ambayo kuchanganywa kwa maneno hayo kumepata kuwagharimu watu maisha yao.

Yafaa kwanza kutazama mfano kutoka mbali, ambao asili yake iko wazi kwa sababu ushahidi umechorwa juu ya mifupa yenyewe. Katika maandishi ya Kichina iko alama itamkwayo bu, nayo huandikwa hivi: 卜. Ni mstari mmoja uliosimama, na mwingine mfupi unaotoka ubavuni mwake kuelekea kulia. Maana yake ni kuagua. Mwaka 1899 msomi mmoja wa Peking, Wang Yirong, alitambua maandishi ya kale juu ya mifupa ambayo maduka ya dawa yalikuwa yakiiuza kwa jina la mifupa ya joka, ili isagwe na kunywewa na wagonjwa. Uchimbaji ulioanza mwaka 1928 karibu na mji wa Anyang ulithibitisha kwamba mifupa hiyo ilitoka katika makao makuu ya mwisho ya wafalme wa Shang, waliotawala zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kuzaliwa Kristo.

Waaguzi wa wafalme hao walitumia kombe la bega la ng'ombe au gamba la tumbo la kobe. Upande wa nyuma walichimba vishimo vidogo, wakatia moto katika vishimo hivyo, na upande wa mbele mfupa ukapasuka. Ufa uliotokea ulikuwa na umbo hilo hilo la alama iliyotajwa: mpasuko mrefu wa kusimama na mwingine mfupi wa ubavuni. Basi alama 卜 ni picha ya ufa tu. Iko na alama ya pili, 占, ambayo ni ufa uliowekwa juu ya mdomo, na maana yake ni kuusoma ufa na kulitamka jibu. Kwa njia hiyo Wachina wa kale walitenga katika maandishi yao mambo mawili ambayo lugha nyingine huyaweka pamoja: tendo la kuuliza, na tendo la mtu anayefungua kinywa na kusema jibu ni hili.

Kuna jambo jingine katika mifupa ya Anyang lenye kumfaa mwanahistoria. Maandishi yaliyo kamili yana sehemu nne: siku na jina la mwaguzi, swali, jibu alilolisema mfalme, na mwisho yale yaliyotokea kweli. Mfano unaojulikana sana ni wa Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, alipokaribia kujifungua. Mfalme aliutazama ufa akasema kuwa akijifungua siku fulani mbili zilizotajwa itakuwa heri. Kisha yameandikwa yaliyofuata: baada ya siku 31 alijifungua, siku haikuwa miongoni mwa zile, wala haikuwa heri, mtoto alikuwa wa kike. Hukumu juu ya mtoto wa kike ni ya watu wa zama zile. Lakini linalofaa kuangaliwa ni kwamba mwandishi alilichora jambo lisilompendeza mfalme juu ya mfupa ule ule uliobeba swali lake. Jibu liliwekwa mahali ambapo laweza kupimwa na tukio.

Alama hiyo haijafa. Wachina bado husema kwamba mambo ya mbele hayajaaguliwa, wakimaanisha kwamba hayajulikani. Na baada ya maandishi ya Kichina kurahisishwa katika miaka ya 1950 na 1960, alama ile ile ya ufa wa wafalme ilipewa kazi ya kuandika silabi ya mwisho ya jina la figili. Alama iliyokuwa ya jumba la kifalme sasa imo katika vibao vya bei sokoni. Habari kama hiyo haikosekani katika Kiswahili, kama itakavyoonekana.

Katika Kiswahili neno la asili kabisa kwa kazi hii ni kuagua. Kamusi za zamani hulipa maana mbili: kutabiri mambo yaliyofichika, na kumtibu mtu kwa dawa za kienyeji, hasa kwa kumwondolea madhara yaliyomwingia. Ndugu zake neno hili wameenea katika nchi za Kibantu. Waganda husema kulagula, Wasukuma vile vile kulagula, Wanyarwanda kuragura, Wakikuyu kuragura, na wote wanasema habari za uaguzi. Kiswahili kimeiangusha l ya mwanzo, kama ilivyofanya katika maneno mengine ya ukoo huo huo. Palipo na endagaano katika Luganda, Kiswahili kina agano. Palipo na kulagira, yaani kutoa amri, Kiswahili kina kuagiza.

Ukoo huu wa maneno wafundisha jambo. Agano ni neno linalowafunga watu wawili. Agizo ni neno linalomfunga mtumwaji. Hata kuaga ni neno lisemwalo mbele ya watu kabla ya mtu kuondoka. Kuagua lina kiishio cha -ua, ambacho chaonekana katika kufungua, kufumbua na kuzindua, vitenzi vyenye maana ya kukifunua kilichofungwa au kumtoa mtu katika hali iliyomshika. Kwa umbo lake, basi, neno lakaa vema na maana zake zote mbili: mwaguzi hufungua fumbo, tena hufungua maradhi. Swali lake la kwanza ni nini kimempata mgonjwa na nini kifanyike.

Jirani yake ni neno mganga. Shina lake limeenea karibu katika eneo lote la Kibantu. Wakongo walio upande wa Atlantiki humwita mtu huyo nganga. Mganga ni mtu wa dawa. Aweza kuwa mwaguzi pia, wala si lazima awe. Methali isemayo mganga hajigangi yahusu mtibabu, haihusu mtabiri. Na mbali nao wote yuko mchawi, mwenye kuloga, ambaye kazi yake ni kudhuru, na ambaye mganga na mwaguzi hutafutwa ili kumkinga mtu naye. Lugha imeweka mipaka mitatu iliyo wazi, yaani kuagua, kuganga, kuloga, na mwanafunzi wa historia ya Songea ana haja ya kuikumbuka.

Neno ramli lilikuja kwa njia nyingine. Ni Kiarabu, raml, maana yake mchanga tu. Elimu ya mchanga ilijulikana katika nchi za Kiislamu kwa karne nyingi. Mmoja wa mabingwa wake waliotajwa sana alikuwa al-Zanati, mtu wa Afrika ya Kaskazini, kama jina lake la ukoo wa Zanata lionyeshavyo. Katika karne ya 12 elimu hiyo ilitafsiriwa kwa Kilatini, ikaenea Ulaya. Upande wa Bahari ya Hindi ilifika Madagaska, ambako huitwa sikidy na hufanywa kwa mbegu badala ya mchanga.

Jinsi yake ya kufanya kazi ni ya hesabu tupu. Mpiga ramli huweka mistari 16 ya vitone bila kuvihesabu. Kisha huondoa vitone viwili viwili katika kila mstari, mpaka kibaki kimoja au viwili. Mistari minne hufanya umbo moja, na kwa kuwa kila mstari waweza kuwa na kitone kimoja au viwili, maumbo yote yawezekanayo ni 16. Umbo lenye kitone kimoja kimoja huitwa Njia, na lenye viwili viwili huitwa Mkutano, kwa maana ya majina yake ya Kiarabu. Maumbo manne ya kwanza huitwa mama. Kutokana nayo hupatikana manne yaitwayo mabinti. Na kwa kuyajumlisha mawili mawili hupatikana mengine, mpaka lifikiwe moja la mwisho ambalo ndilo mizani au hakimu. Jambo la ajabu la hesabu hii ni kwamba vitone vya hakimu, vikijumlishwa, lazima viwe idadi inayogawanyika kwa mbili. Vikiwa vinginevyo, mpiga ramli amekosea mahali. Elimu hii, basi, ina ulinzi wake ndani yake. Lakini ulinzi huo hulinda hesabu. Hauwezi kujua kama aliyetajwa kuwa mwizi aliiba kweli.

Waarabu husema kuupiga mchanga, nao Waswahili wakasema kupiga ramli. Ni kweli kwamba kitenzi kupiga kina kazi nyingi katika Kiswahili, hata mtu asiyegusa kitu hupiga kelele au hupiga mbio. Lakini hapa kimekubaliana na Kiarabu neno kwa neno. Mchanga uliwekwa juu ya bao, yaani ubao mkubwa, na kwa sababu hiyo watu wa pwani walisema pia kupiga bao, wakiwa na maana ya kuagua. Kamusi za karne ya 19 zinayo maana hiyo. Leo mtu akisema amepigwa bao, kijana wa Songea au wa Dar es Salaam ataelewa kwamba ameshindwa au ametanguliwa; na bao la mpira wa miguu limeufunika mchanga wa waaguzi kabisa. Hii ndiyo figili ya Kiswahili: kifaa cha elimu kimeshuka uwanjani, na jina lake laendelea kuishi bila kukumbuka lilikotoka.

Hapa msomaji aonywe juu ya kufananisha kwa haraka. Kitabu cha uaguzi cha Wachina kiitwacho Yijing kina maumbo 64 ya mistari sita. Na mchezo wa bao la Kiswahili una kete 64. Mtu aweza kushawishika kutafuta udugu. Lakini 64 ni idadi ipatikanayo kwa kuongeza mbili mara mbili tena na tena, na kila watu wanaogawa vitu kwa viwili watakutana nayo. Udugu wa maneno huthibitishwa kwa sauti na kwa njia za safari. Idadi peke yake haitoshi.

Njia ya tatu ya maneno ilitoka kusini. Wangoni wa Songea ni tawi la watu waliotoka katika nchi za Wazulu wakati wa vita vya mwanzo wa karne ya 19. Zwangendaba aliwavusha mto Zambezi mwezi wa Novemba 1835, na masimulizi yalilikumbuka tukio hilo pamoja na kupatwa kwa jua, ishara ambayo watu wa zama zile hawakuweza kuipita bila kuiuliza maana. Baada ya kifo chake katika Ufipa, katika miaka ya 1840, watu wake waligawanyika. Kundi moja, chini ya Zuru Gama na Mbonani Tawete, lilielekea mashariki likafika nchi ya Ruvuma, na huko likawakuta Wangoni wengine, wa Maseko, waliofika kwa njia ya kusini. Wamaseko walifukuzwa katika miaka ya 1860. Ndipo zikasimama milki mbili, Njelu ya ukoo wa Gama na Mshope ya ukoo wa Tawete, zikitawala Wandendeule, Wamatengo na wenyeji wengine.

Katika lugha ya Kizulu kuagua ni ukubhula, na maana ya kwanza ya neno hilo ni kupiga, kama mtu apigavyo nafaka ili kuipura. Waliokwenda kwa mwaguzi walipiga ardhi kwa fimbo na kuitikia, na kwa nguvu ya kuitikia kwao yeye alijua kama amekaribia ukweli au ameuacha. Tena Wazulu walimtenga isangoma, ambaye ni mwaguzi, na inyanga, ambaye ni mtu wa dawa. Njiani Wangoni walipita katika nchi ya Zimbabwe, ambako Washona hutupa vipande vinne viitwavyo hakata, na kwa kuwa kila kipande chaweza kuanguka kifudifudi au chali, matokeo yake ni 16, kama maumbo ya ramli.

Lugha ya Kingoni ya asili haikudumu Songea. Wake waliooa na mateka waliowachukua walikuwa wenyeji, na watoto walisema lugha za mama zao. Ya Kizulu ilibaki katika majina ya sifa, katika nyimbo, na katika vyeo kama nkosi na nduna. Heshima ya mizimu ya wazee iliendelea kwa jina la mahoka. Na kwa upande wa mashariki njia ya Kilwa ilileta watu wa pwani na Kiswahili chao. Mmoja wa wafanyabiashara hao, Rashid bin Masoud, alikuwa na makao yake Kikole, katika Ungoni yenyewe. Hivyo, Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1897 karibu na makao ya nduna Songea Mbano, ambaye mji ulichukua jina lake, waliingia katika nchi yenye msamiati mpana wa mambo haya, ambamo aliyetibu, aliyeuliza na aliyedhuru walikuwa watu watatu mbalimbali.

Haifai kuipamba hali hiyo ya kale. Kuagua hakukuwa daima kwa ajili ya kuponya. Palipokuwa na kifo kisichoelezeka, mwaguzi aliweza kuulizwa ni nani aliyekisababisha, na aliyetajwa aliweza kunyweshwa mwavi. Akitapika, ameokoka, asipotapika, amekufa na hatia yake imethibitishwa. Wapo wasio na kosa waliokufa kwa njia hiyo. Lakini hata hapo kutaja jina na kuhukumu yalikuwa mambo mawili. Neno la mwaguzi peke yake halikuwa hukumu, na mwavi ulinywewa mbele ya watu.

Ndipo yakaja maji. Mwaka 1904 katika kijiji cha Ngarambe, nchi ya Matumbi, Kinjikitile Ngwale alishikwa na pepo aitwaye Hongo, na watu wakaanza kumwendea kutoka pande nyingi. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905; Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, lakini dawa ilikuwa imekwisha kusafiri. Ungoni ililetwa na mjumbe aliyejulikana kwa jina la Kinjala, naye aliitwa hongo kama pepo aliyemtuma. Yapasa kuangalia kwamba pwani neno hongo lilikuwa jina la ushuru uliotozwa misafara, na baadaye likawa rushwa. Msikilizaji wa pwani na msikilizaji wa Matumbi walisikia sauti moja wakaelewa mambo mawili.

Maji hayakuwa ramli, wala hayakuwa kuagua. Mwaguzi huulizwa na mwenye shida. Hongo alikuja na jibu kabla ya swali, kwamba risasi zitageuka maji. Nkosi Chabruma wa Mshope na nkosi Mputa Gama wa Njelu walikuwa na sababu zao za kulipokea: mamlaka yao yalikuwa yamepunguzwa, watu wao walikuwa wakitozwa kodi na kufanyishwa kazi kwa nguvu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokusanya masimulizi ya wazee mwaka 1968, na O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walioandika habari za vita hivyo katika Ungoni, waliyaweka wazi mambo hayo. Dawa iliwaunganisha watu. Hasira ilikuwapo kabla yake. Bunduki za mzinga wa Wajerumani ziliijibu dawa katika miezi michache, na kilichofuata kilikuwa kuchomwa kwa vyakula na njaa. Wajerumani walikadiria waliokufa katika vita vyote kuwa 75,000, mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Katika maelezo ya serikali ya Kijerumani, yakiwamo yale ya Gavana Götzen katika kitabu alichokitoa mwaka 1909, watu kama Kinjikitile walipewa jina moja tu, ambalo kwa Kijerumani hubeba mganga, mwaguzi na mchawi kwa pamoja. Jina hilo lilikuwa na faida kwa mtawala. Palipo na mchawi hapana haja ya kuuliza habari za kodi. Watu walidanganywa, na aliyewadanganya amejulikana. Tarehe 27 Februari 1906 Mputa Gama na manduna na wazee wengi walinyongwa Songea kwa mkupuo mmoja. Songea Mbano naye alinyongwa. Chabruma alikimbilia nchi ya Wareno, akafia huko. Makaburi yao yamo katika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, na kila mwaka mwezi wa Februari wanakumbukwa. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba msamaha.

Waingereza waliofuata hawakuirudisha mipaka iliyovunjwa. Katika lugha yao ya kila siku mganga alipewa jina linaloliunganisha neno mchawi na neno daktari. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliuweka mchanganyiko huo katika maandishi: uchawi ulielezwa kuwa ni pamoja na kuloga, na kutumia vyombo vya uchawi, na kujidai kuwa na nguvu au elimu ya siri. Kwa maneno hayo mtu aliyemdhuru jirani yake na mzee aliyekuwa na ubao wa mchanga waliweza kusimama chini ya kifungu kimoja. Sheria hiyo ilirithiwa baada ya uhuru wa mwaka 1961. Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kwayo kuganga kulipewa tena mahali pake penye heshima na usajili.

Lakini uharibifu wa maneno haukuwa kazi ya watawala wa kigeni peke yao. Katika miaka ya karibuni Watanzania wenyewe wameunda jina jipya, ramli chonganishi, yaani ile inayowachonganisha watu. Wapo wanawake wazee waliouawa, hasa katika nchi ya Usukuma, kwa sababu walitajwa. Na wapo watu wenye ualbino waliouawa kwa ajili ya imani za utajiri. Mwezi wa Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wote, wenye kosa na wasio na kosa, na mwezi wa Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Amri ya 2009 yaonyesha jinsi mchanganyiko wa zamani ulivyoingia ndani: ilipotafutwa njia ya kumkamata mtaja majina, aliyezuiwa ni pamoja na mwenye kuchemsha mizizi ya homa. Jina la ramli chonganishi, kwa upande mwingine, ni hatua njema ya lugha. Limetenga tena kilichokuwa kimeunganishwa, na limeonyesha kosa liko wapi.

Kosa hilo ni rahisi kulisema sasa. Ramli chonganishi imechukua umbo la uaguzi ikaacha mambo yake mawili. Kwanza, imeacha swali la nini, ambalo ndilo lililomo katika shina la kuagua, ikabaki na swali la nani. Pili, haimwulizi mtu aliyejibu. Mwaguzi wa Kizulu alihitaji mwitikio wa watu. Mpiga ramli wa zamani alikuwa na hakimu wa kusahihisha hesabu yake. Mwandishi wa Anyang alichora kushindwa kwa mfalme wake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoweza kuufanya uaguzi uwe sayansi, na wasio na hatia waliumia chini ya kila kimoja. Lakini kila kimoja kilikiri kwamba anayetamka jibu aweza kukosea. Anayemtaja bibi kizee kwa faragha, akapokea fedha yake na kuondoka kabla ya usiku kuingia, hakiri hivyo.

Kwa sababu hiyo, kuyahifadhi maneno ya zamani kwa maana zake kamili ni kazi yenye faida kupita ile ya kamusi. Mwanafunzi anayekusanya masimulizi ya Namtumbo, ya Mbinga au ya Songea yenyewe, akiambiwa na mzee kwamba fulani alikuwa mganga, na aulize: alikuwa akitibu, au akiulizwa, au akiogopwa? Na akisoma katika karatasi za zamani za serikali kwamba mtu aliadhibiwa kwa uchawi, asiliamini neno hilo mpaka ajue ni tendo gani lililokuwa chini yake. Walionyongwa Songea mwaka 1906 walikuwa na vyeo vyao, nkosi na nduna, na waliokuwa na dawa miongoni mwao walikuwa na jina la kazi yao. Kuwarudishia majina hayo, kila mmoja lake, ni sehemu ya kuandika historia yao kwa haki.